Kupanga juu ya kupanga: nani anatupwa inje, nani anakula garanti?

Maneno tuliyotoa mbele ya vijana, katika mazungumzo juu ya makao mjini



Leo hatutaongea juu ya uchaguzi wala juu ya mishahara ya wabunge. Tutaongea juu ya ile chumba unayolala, uliyopewa na mtu ambaye naye ni mpangaji kama wewe. Kwa Kifaransa wanaita sous-location. Sisi hapa tutasema kupanga juu ya kupanga, juu ni vile inakuwaka kweli: mwenye nyumba anapangisha mtu mmoja, huyo mmoja anapangisha wengine watatu, na wale watatu hawajawahi kumuona mwenye nyumba hata siku moja. Siku ugomvi unaanza, wale watatu ndio magodoro yao yanaonekana kwanza barabarani.

Tuliamua kuliongelea sababu kila wiki vijana wanatuletea kesi ya namna hii, na kila mara swali ni lile lile: "Mimi nililipa. Juu ya nini natolewa?" Ni swali la haki. Tulijibu polepole.

Kwanza hesabu

Tuchukue mfano. Mpangaji mkubwa anachukua nyumba ya vyumba vinne na saluni kwa dola 150 kwa mwezi. Anatoa garanti ya miezi 3, ni dola 450. Anabaki na chumba kimoja na saluni. Vile vyumba vitatu anavipangisha, kila kimoja dola 60. Kila mwezi anapokea dola 180. Analipa mwenye nyumba 150, analala bure, na dola 30 inabaki mfukoni.

Bado hatujafika kwa garanti. Kwa kila chumba anaomba miezi 6, juu "ni vile mji uko sasa". Hiyo ni dola 360 mara tatu, ni dola 1.080. Yeye alitoa 450, alipokea 1.080. Kama ni mtu mwema, zile franga zinakaa. Kama siye, zinaingia katika biashara, katika moto, katika arusi ya mdogo wake. Kisha mwezi moja anakosa kulipa mwenye nyumba. Mwezi wa pili tena. Mwezi wa tano mwenye nyumba anafika na vijana wenye misuli, anakuta sura tatu asizozijua. Anauliza: ninyi ni nani? Mnajibu: sisi ni wapangaji. Anasema: mimi sina wapangaji watatu, niko na mmoja, na huyo simu yake haipiti.

Hapo mwenye nyumba amekosa franga za miezi 5, ni dola 750. Ninyi watatu mmekosa garanti yote ya 1.080 na mahali pa kulala. Na yule aliyekula pande zote mbili, hayuko. Ninyi mnabaki kugombana na mwenye nyumba, waliopoteza wote, wanapigana wao kwa wao kwenye mlango.

Kupangisha tena si wizi kila mara

Lakini tusikimbilie kusema kila anayepangisha tena ni mwizi. Hapana. Tunajua wanafunzi wawili wanaogawana chumba cha dola 50, jina la mmoja peke yake liko kwa kontra, kila mmoja anatoa 25. Hiyo ni kusaidiana. Tunajua mama ambaye bwana yake alihamishwa kikazi, akabakiza nyumba kwa mtoto wa dada yake kwa mwaka mmoja, kwa bei ile ile. Tunajua familia iliyokimbia vita, ikapokelewa na familia nyingine ya wapangaji, na mwisho wa mwezi inachanga kidogo. Mtu akisema hao wote ni wahalifu, hajui mji wetu.

Miji yetu imejaa kuliko nyumba zake. Goma ilichomwa na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, ikaguswa tena tarehe 22 Mei 2021, na katikati ya hapo na baadaye vita imeleta watu wimbi kwa wimbi. Kolwezi inajaa juu ya shaba na kobalti. Lubumbashi na Bukavu zinapokea kila mwaka wanafunzi ambao vyuo havina mahali pa kuwalaza wote. Leta haijengi nyumba za raia. Kwa hiyo raia wanajipangia wenyewe, mmoja ndani ya mwingine. Bila kupangisha tena, vijana wengi katika mkutano huu wangelala kwa mlango wa kanisa.

Kwa hiyo msimamo wetu uko hivi: kupangisha tena kwa wazi, kwa bei ya haki, tunakutetea. Kupangisha tena kwa giza, ili ule juu ya mgongo wa maskini mwenzako, tunakukataa. Na kumtupa mtu inje bila hukumu, tunakukataa pia, hata kama anayetupwa alikosa.

Sheria iko inasema nini

Wengi wanafikiri kwetu hakuna sheria ya nyumba. Iko. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya makao yanayofaa. Kifungu cha 29 kinasema makao ya mtu hayavunjwi: hakuna mtu wa kuingia na kupekua ila kwa njia sheria inazopanga. Haikuandikwa pale "makao ya mwenye karatasi ya parseli". Iliandikwa kwa wote.

Kisha iko sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kupangisha nyumba zisizo za biashara. Hiyo ndiyo sheria kila mpangaji angepaswa kuijua kama anavyojua nambari yake ya simu. Inasema garanti ya nyumba ya kulala haipite miezi 3. Mitatu. Si 6, si 10 kama vile inavyoombwa Kinshasa na sasa hata huku kwetu. Komisionere akikuambia "hii ni sheria ya soko", mjibu kwa heshima kwamba soko halijapiga kura bungeni.

Mnaona sasa jambo moja katika hesabu yetu ya mwanzo. Mwenye nyumba aliheshimu sheria: aliomba miezi 3. Mpangaji mkubwa ndiye aliyeomba 6. Mara nyingi anayevunja sheria juu ya kijana hayuko tajiri mwenye parseli tano, ni mpangaji kama yeye aliyepata funguo mbele yake. Ni vigumu kwetu kusema hivi, juu tunapenda kuona ulimwengu kama wenye nyumba upande huu na wapangaji upande ule. Lakini franga zikihesabiwa, mstari unapita mahali pengine.

Na kuna sheria nyingine ambayo inatufundisha kitu. Kodi ya mapato ya nyumba, ile wanayoita IRL, inatoka kwa ordonnance-loi nambari 69-009 ya tarehe 10 Februari 1969. Ile sheria inahesabu pia faida ya anayepangisha tena nyumba aliyoipanga. Maana yake, tangu 1969 leta inajua vizuri sana kwamba kupanga juu ya kupanga kuko. Inakujua kwa kukulipisha kodi. Siku ya kukulinda, inasema haikuoni.

Hiyo kodi ndiyo pia sababu moja kontra nyingi hazifiki kwa ofisi. Mwenye nyumba anaogopa kuonyesha bei ya kweli. Mpangaji mkubwa anaogopa mwenye nyumba. Mpangaji mdogo anaogopa mpangaji mkubwa. Kila mmoja ananyamaza kwa sababu yake, na wote wanaandika kwa karatasi ya daftari, ama hawaandiki kabisa.

Nani anaweza kutoa mtu kwa nyumba

Hapa tunaomba musikilize vizuri, juu ndipo vijana wanapoteza haki yao wakati wako nayo mkononi.

Anayeamua mtu atoke kwa nyumba ni mahakama. Kwa ugomvi wa nyumba za kulala, mlango wa kwanza ni tribunal de paix, ile mahakama ya amani iliyo karibu na raia. Hukumu ikitoka, anayeitekeleza ni huissier, na karatasi yake mkononi. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kujifanyia hukumu. Polisi hana ruhusa ya kukutoa juu bwana fulani amemuita na amemupa ya mafuta. Chef de quartier ana kazi ya kusuluhisha, hana kazi ya kufukuza. Mkubwa wa nyumba kumi pia vilevile. Mwanajeshi ndiyo kabisa.

Na kutoa mtu hakuanzi siku godoro linatupwa. Kung'oa mlango ni kutoa mtu. Kuvua mabati wakati wa mvua ni kutoa mtu. Kukata waya wa umeme, kufunga choo kwa kufuli, kubadilisha funguo wakati umeenda masomo: yote ni kutoa mtu bila kuita mahakama. Tunaonaka mambo haya kila mara, na watu wanapita wakisema "hayo ni mambo yao ya nyumba". Hayako mambo yao. Kesho ni yako.

Lakini tuwe wakweli pia kwa upande wa pili. Mwenye nyumba anayekosa franga za miezi 5 ana haki yake. Wengi wao si matajiri: ni mjane anayeishi kwa annexe moja, ni mzee aliyejenga kwa mshahara wa miaka 30. Akienda mahakamani na kesi inazunguka mwaka mzima, kila siku "rudi kesho", tusishangae akiita vijana wenye misuli. Mahakama inayochelewa inazaa ngumi. Kwa hiyo tukidai hukumu kabla ya kufukuza, tunadai pia hukumu ifike haraka, na isiuzwe.

Mji mmoja wa mbali uliopitia ugomvi huu

Wengine kati yetu wanasemaka: "Maneno ya kuandika ruhusa ya kupangisha tena hayawezekani, watu watafanya tu kwa siri." Tuangalie basi mji mmoja ambako ugomvi huu unafika mahakamani kila siku, tuone walifunga mlango gani na waliacha gani wazi. Ni New York, kule Marekani.

Kule iko nyumba karibu milioni moja ambazo bei yake haipandishwi ovyo. Tangu 1969 kuna sheria, na kila mwaka baraza moja la mji linaamua mwenye nyumba anaweza kuongeza asilimia ngapi. Kwa hiyo mtu aliyeingia zamani analipa kidogo kuliko soko. Mnaona mara moja kishawishi: ukiwa na nyumba ya bei ya chini katika mji wa bei ya juu, unaweza kwenda kuishi kwingine, ukapangisha ile nyumba kwa bei ya soko, ukakula tofauti. Ni ile hesabu yetu ya dola 150 na 180, kwa Kiingereza.

Walifanya nini? Hawakukataza kupangisha tena. Waliandika njia yake. Katika jengo lenye nyumba 4 ama zaidi, mpangaji anaandikia mwenye nyumba barua ya posta yenye ushahidi, anasema nani ataingia, kwa muda gani, kwa sababu gani. Mwenye nyumba ana siku 30 za kujibu. Hawezi kukataa bila sababu ya maana. Akinyamaza siku 30, kunyamaza kwake kunahesabiwa kuwa ndiyo. Sikilizeni hiyo vizuri: kunyamaza kwa mkubwa kunageuka haki ya mdogo. Kwetu kunyamaza kwa mkubwa kunamaliza faili.

Kisha kwa zile nyumba za bei iliyofungwa waliweka mipaka. Mpangaji mkubwa hawezi kupangisha tena zaidi ya miaka 2 ndani ya miaka 4, na lazima nyumba ibaki makao yake ya kweli, mahali anataka kurudi. Bei hawezi kuzidisha juu ya ile ya sheria. Akiacha vitu vyake ndani, kitanda, meza, frigo, anaweza kuongeza asilimia 10, basi. Nyumba ya dola 1.500 itafika 1.650, haifiki 3.000. Akizidisha, mpangaji mdogo anaweza kumdai mara tatu ya kile kilichozidi. Na mahakama za kule, zikiona mtu amefanya nyumba ya sheria kuwa duka, mara nyingi hazimpi hata nafasi ya kujirekebisha: anapoteza nyumba. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya kule ilikubali kumtoa mpangaji aliyepangishia wageni wa intaneti nyumba yake ya bei iliyofungwa, siku kwa siku, makundi ya wageni zaidi ya 90 katika muda wa mwaka na nusu hivi, kwa bei iliyopita ile yake kwa mbali. Kuanzia Septemba 2023 mji umelazimisha wanaopokea wageni wa siku chache wajiandikishe kwanza.

Na jambo la mwisho, ambalo kwetu ndilo kubwa: kule, mtu aliyelala ndani ya nyumba siku 30 mfululizo, hata bila kontra, hata kama ni mpangaji wa mpangaji, hawezi kutolewa bila mahakama. Mwenye nyumba akibadilisha funguo juu yake, ni kosa la jinai. Na hukumu ikitoka, anayetekeleza lazima atoe onyo la siku 14 mbele.

Hatusemi kule ni paradiso. Watu wanatolewa kwa nyumba huko pia, na mara nyingi mpangaji mkubwa akipoteza kesi, mpangaji mdogo anaanguka pamoja naye, juu haki yake ilikuwa imening'inia kwa haki ya mwingine. Hilo shimo halijafungwa hata kule. Lakini mnaona tofauti. Kule kila mmoja anajua kiwango chake: ruhusa inaombwa na inajibiwa, faida ina mwisho, na mlango unafunguliwa na hakimu peke yake. Mambo haya matatu hayadai bajeti ya Marekani. Yanadai karatasi moja na kiongozi mmoja asiyeogopa.

"Kwa hiyo mnasimama upande gani?"

Swali hili tuliulizwa na wenzetu ndani ya harakati, na mjadala ulikuwa mkali. Wengine walisema: siku zote tusimame na mpangaji, yeyote yule, juu mwenye nyumba ana nguvu zaidi. Wengine walisema: tusiingie, ni mambo ya watu binafsi.

Sisi tumechagua hivi. Tunasimama na yule anayelala pale. Anayelala pale na analipa, tunamtetea mbele ya mwenye nyumba na mbele ya mpangaji mkubwa. Anayepangisha vyumba asivyolala, kwa faida, kwa kuficha, hatutabeba bango lake, hata akiwa rafiki yetu, hata akija na kofia ya harakati kichwani. Hatuwezi kuimba mbele ya gouvernorat juu ya wakubwa wanaokula mali ya raia, kisha usiku tunakula garanti ya mwanafunzi aliyetoka Masisi ama Kamituga na franga mama yake aliuzia mbuzi.

Tunachodai

Kwa service de l'habitat ya kila komine: mweke karatasi moja rahisi ya kontra, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, yenye mahali pa kuandika kama kupangisha tena kunaruhusiwa ama hapana, na majina ya watu wote wakubwa wanaolala pale. Bei yake iandikwe ukutani, na isiongezwe na vikombe vya chai chini ya meza.

Kwa wakubwa wa quartier, wa avenue na wa nyumba kumi: kataeni kusimama kwenye mlango ambako hakuna hukumu. Mkiitwa, ombeni karatasi ya mahakama. Isipokuwepo, rudisheni watu kwenye mazungumzo, muandike majina ya wote walio ndani, muweke saa na tarehe.

Kwa wabunge wa majimbo: andikeni edit inayosema wazi kwamba mpangaji mdogo aliyelipa na anayeweza kuonyesha alilipa, anaitwa mahakamani na kusikilizwa kabla hukumu ya kumtoa haijatolewa, na anapewa muda wa kutafuta mahali pengine. Na garanti aliyotoa, aliyeipokea airudishe, hata akitolewa yeye kwanza. Hilo ndilo shimo tuliloliona hata New York. Tunaweza kulifunga mbele yao.

Kwa polisi: ninyi pia ni wapangaji. Mnajua bei.

Na sisi wenyewe

Tusingoje leta peke yake. Kuna mambo kila mmoja anaweza kufanya bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mbele ya kulipa garanti, uliza swali moja: "Wewe ni mwenye nyumba ama ni mpangaji?" Akikasirika, umepata jibu. Kama ni mpangaji, omba kuona kontra yake, na omba barua ya mwenye nyumba inayokubali upangishwe. Mistari mitatu na sahihi inatosha. Mwenye nyumba aliyekubali kwa maandishi hawezi kesho kusema hakujui.

Usitoe garanti zaidi ya miezi 3. Tunajua unaweza kukosa chumba juu ya hilo. Ndiyo maana hatusemi mmoja akatae, tunasema tukatae wengi. Komisionere akikutana na vijana 10 wenye jibu moja, ataenda kuongea na waliomtuma.

Kila franga unayotoa, uandikiwe risiti: tarehe, kiasi, mwezi gani, sahihi. Ukilipa kwa simu, usifute ule ujumbe. Uupige picha, umtumie mtu unayemwamini. Ukigawana chumba na rafiki, andikeni majina yenu wawili tangu siku ya kwanza, hata kama mnapendana kama ndugu. Urafiki unadumu zaidi ukiwa na karatasi.

Na kama wewe ndiye mpangaji mkubwa, gawanya bei vile ilivyo. Nyumba ni dola 150, mko wanne, fanyeni hesabu mbele ya wote. Aliye na saluni aongeze kidogo. Garanti ya wenzako iandike, na umwambie mwenye nyumba. Ukiogopa kumwambia, jiulize unaogopa nini.

Tunajua wengine hapa wanasema moyoni: mahakama gani? Mwisho wa Januari 2025 mabenki ya Goma yalifungwa, watu wakakosa franga zao wenyewe, na penye bunduki hakimu hasikilizwi. Ni kweli, na hatutawadanganya kwamba karatasi itasimamisha bunduki. Lakini vita nyingi tayari zimepita juu ya miji yetu, na kila mara zikitulia, watu wanarudi kudai nyumba, parseli na garanti, na kila mara anayepata ni yule aliyeficha karatasi yake kwa mfuko wa plastiki chini ya nguo. Mahakama ikifungwa, shahidi hafungwi. Andikeni. Wekeni majirani wawili waone.

Ndugu na dada, tunamaliza kwa kazi, si kwa wimbo. Wiki hii, kila mmoja aliye katika chumba cha kupangishwa tena, amuulize aliyempangisha maneno mawili: ruhusa iko wapi, na garanti yangu iko wapi. Muulize kwa upole, mbele ya mtu wa tatu. Wale watakaojibiwa vizuri, mtuletee mfano wa karatasi yao ili wengine waige. Wale watakaojibiwa kwa matusi ama kwa vitisho, mtuletee pia, tutaenda pamoja kwa chef de quartier, kisha kwa habitat, kisha kwa tribunal, mikono mitupu na risiti mfukoni.

Na siku mtasikia kelele kwa jirani, magodoro yanatupwa na mama anapiga makelele, msifunge dirisha. Tokeni, simameni pale, muulize swali moja tu: "Hukumu iko wapi?" Watu 20 wakiuliza swali hilo pamoja, kwa sauti ya chini, ni vigumu sana kujibu kwa teke.

Sasa maswali.